Mtoto Mwenye Homa Abaki Nyumbani: Lakini Nani Atabaki Naye?

(Hii ni sehemu kubwa ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa kata za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya huduma za afya shuleni, na hasa juu ya kinga ya mafua kwa wanafunzi. Nilipolitaja jambo hili kwa mwenzangu mmoja katika chumba cha habari, aliniuliza kama sikuona jambo zito zaidi la kuwaeleza walimu. Maana yake ilikuwa kwamba ipo malaria, kipo kipindupindu, kipo kifua kikuu. Mafua ni kitu gani hata watu wazima wakusanyike kuyajadili? Swali lake si la mpuuzi. Ndilo swali analojiuliza mzazi wa Charambe alfajiri anapomsikia mwanawe anakohoa, na ndilo analojiuliza mwalimu wa Tandale anapoona vichwa vinne vimelala juu ya madawati. Wote wawili hulijibu kwa maneno matatu: ni mafua tu.

Nataka tuanze na maneno hayo matatu, kwa sababu lugha yetu imetufanyia hila kidogo hapa. Neno "mafua" tunalitumia kwa kila kitu kitokacho puani. Mtoto aliyevuta vumbi la barabara ya Chamazi ana mafua. Mtoto aliyenyeshewa akapiga chafya mbili ana mafua. Na mtoto aliyeshikwa ghafla na homa kali, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, koo limekauka, hawezi hata kushika kalamu, naye tunasema ana mafua. Huyu wa mwisho huenda ana influenza, ambayo ni maradhi mengine kabisa, yenye kirusi chake na tabia zake. Kwa wengi huisha kwa wiki moja. Lakini kwa mtoto mwenye pumu, au mwenye sikoseli, au aliye na upungufu wa kinga, au kwa kichanga anayengojea nyumbani mgongoni mwa dada yake, influenza yaweza kugeuka nimonia kwa muda wa siku chache.

Historia ya nchi yetu inalijua jambo hili kuliko sisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, homa ya influenza ilikuwa imekwisha kuingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya bandari na reli. Askari na wapagazi walionusurika miaka minne ya risasi, njaa na mizigo wakaangushwa na homa. Duniani kote homa ile iliua watu makumi ya mamilioni. Sisemi kwamba mafua ya muhula huu ni yale ya mwaka 1918. Nasema ni ukoo mmoja, na ukoo huo hubadilika sura kila baada ya miaka. Ulirudi mwaka 1957, ukarudi 1968. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza Juni 11 kwamba aina mpya imeenea ulimwenguni. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa mwezi huo, naye alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyesafiri na wenzake. Na mwezi wa Julai ugonjwa ukathibitishwa hapa kwetu. Angalieni vizuri nani aliyeubeba: mwanafunzi, katika kundi la wanafunzi.

Wala si jambo la nje tu. Mwaka 2008 wataalamu waliwachunguza watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi, walioletwa na homa katika zahanati na hospitali za hapa Dar es Salaam na za Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto waliokuwa na maambukizo ya njia ya hewa walikuwa kama 62 katika kila 100. Waliokuwa na malaria walikuwa kama 10 au 11. Na wengi wa watoto wale walikuwa na virusi, ambavyo dawa za kuua bakteria haziviwezi hata kidogo. Hebu sasa tujiulize ni vidonge vingapi vya malaria, na vidonge vingapi vya rangi mbili vya dukani, vimemezwa Mbagala na Manzese kutibu homa isiyokuwa ya kutibiwa hivyo. Mtoto amemeza dawa, mama ametumia fedha, na kesho yake asubuhi mtoto amerudi darasani akiwa bado anaambukiza, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba aliyekunywa dawa amepona.

Hapo, ndugu zangu, ndipo shule inapoingia.

Nitaeleza kwa ufupi jinsi maradhi haya yanavyokwenda, kwa kuwa hesabu yake ni muhimu kwa mwalimu. Tangu kirusi kimwingie mtoto mpaka dalili zionekane hupita siku moja hadi nne. Mtoto huanza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kwa siku tano hadi saba, na walio wadogo zaidi ya hapo. Hupita kwa matone ya mate na makamasi anapokohoa, kupiga chafya au kusema, na kwa mikono iliyogusa pua kisha ikagusa dawati, kalamu, kikombe na mkono wa mwenzake. Kwa hiyo mtoto anayeletwa shuleni Jumatatu na homa, Alhamisi anao wenzake.

Sasa tazameni anaketi wapi. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328. Na hiyo ni baada ya Kigamboni na Ubungo kumegwa na kuwa wilaya zenye kujitegemea. Watu hawa hawakukaa Upanga. Wamekwenda mbali, Mbande, Chamazi, Bunju, Mabwepande, mahali ambapo kiwanja kilipatikana, na watoto wao wakafika kabla ya madarasa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto ambao zamani wangebaki vichochoroni waliandikishwa. Hilo lilikuwa jambo jema, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema nimelilalamikia. Lakini kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, na kila mwalimu aliyeketi humu anajua mara ngapi amekiona kiwango hicho kwa macho yake. Katika shule nyingi za pembezoni wapo 100, wapo 120 na zaidi. Zipo shule za zamu mbili, ambapo dawati lililokaliwa na watoto watatu asubuhi hukaliwa na wengine watatu mchana, na kati ya zamu hizo hakuna aliyepitisha kitambaa.

Na masika yanapoingia, mambo huzidi. Madirisha mengi ni ya nondo, hayana vioo. Mvua ikipiga kwa upande, watoto wa safu ya dirishani huinuka na kubanana na wenzao wa ukutani. Darasa la watoto 120 linakuwa darasa la watoto 120 katika nusu ya chumba. Nimepata kuona mwalimu akifundisha kugawanya kwa desimali katika hali hiyo, akiisikiliza mvua ya mabati na kikohozi kwa pamoja, na niliona kwamba nchi hii inawadai walimu wake shukrani nyingi ambazo haijazilipa.

Katika mazingira hayo, nini maana ya huduma za afya shuleni? Watu wengi wakisikia maneno hayo hufikiri juu ya muuguzi mwenye kofia nyeupe, chumba chenye kitanda na kabati la dawa. Tungekuwa navyo tungefurahi. Zipo shule zenye hivyo, na tunazijua ni za nani. Lakini kwa shule ya msingi ya kata huduma ya afya huanza na kitu ambacho tayari kipo juu ya meza ya mwalimu, nacho ni daftari la mahudhurio.

Daftari hilo sisi tumelifanya kuwa la kipolisi. Linatuambia nani yupo na nani hayupo, na asiyekuwepo ni mtoro mpaka ithibitike vinginevyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 imemtaka mzazi ampeleke mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, nayo ni sheria nzuri. Bila hiyo watoto wengi wangekuwa wanauza karanga Kariakoo. Lakini sheria hiyo haikusema mtoto mwenye homa aburutwe. Ni sisi tulioisoma hivyo. Tunatoa zawadi ya mahudhurio bora kwa mtoto ambaye hakukosa hata siku moja kwa mwaka mzima, nasi hatuulizi ni siku ngapi kati ya hizo alikuja akiwa mgonjwa. Tunamwadhibu aliyekosa siku mbili kwa sababu hakuleta cheti cha zahanati, hali tunajua kwamba kwenda zahanati kutafuta karatasi ni nauli, ni foleni, ni asubuhi nzima ya mama asiyeuza. Mtoto akishajua hayo, hujikaza. Huja. Hukohoa kwa siri ndani ya sweta.

Vivyo hivyo ukaguzi wa usafi wa asubuhi. Watoto wako mstarini, mwalimu wa zamu anapita na viranja. Kucha, nywele, meno, soksi. Ni desturi nzuri yenye umri mrefu. Lakini tazama: tunakagua kila kitu kinachoonekana, wala hatuulizi swali moja lisiloonekana, yaani nani ameamka na homa leo? Swali hilo halihitaji kipimo. Linahitaji mtoto asiogope kunyoosha mkono.

Pendekezo langu la kwanza kwa hiyo ni dogo hata laweza kuonekana la mzaha. Katika daftari la mahudhurio iwepo alama ya tatu. Yupo, hayupo, mgonjwa. Herufi moja tu. Mwalimu wa darasa akiona herufi hiyo imeandikwa mara tano katika siku mbili kwa darasa moja, amwambie mwalimu wa afya, na mwalimu wa afya apige simu zahanati ya kata. Daftari litakuwa limeacha kuwa la kipolisi, limekuwa kipimajoto cha mtaa mzima. Tangu mwaka 2008 nchi yetu inao mtandao wa kufuatilia influenza katika hospitali kadhaa teule, na Mwananyamala ni mojawapo. Hospitali humwona mgonjwa anapofikishwa kwake. Mwalimu anaona siku kadhaa kabla.

Nakuja sasa kwenye jambo lililonileta hasa. Tumsemeje mtoto aliyenyoosha mkono? Kitabu kinasema abaki nyumbani, mpaka zipite walau saa 24 tangu homa iondoke bila kusaidiwa na dawa. Ni kweli, na hakuna kinga ya shuleni iliyo bora kuliko hiyo. Chanjo ya influenza ipo duniani, nayo hutengenezwa upya kila mwaka kwa kuwa kirusi hubadilika. Lakini haimo katika ratiba ya chanjo za watoto wetu. Kwa hiyo kujitenga ndiyo ngao yetu. Lakini ni rahisi mno kutamka "abaki nyumbani" ukiwa mtumishi wa umma. Sisi tulio humu, mtoto akiugua, tunaandika barua, tunaomba ruhusa, na mwisho wa mwezi mshahara haujapungua. Mama anayeuza chapati Mbagala Rangi Tatu, siku asiyowasha jiko hakuna chakula cha usiku. Baba anayebeba mizigo Tandika hana barua ya kumwandikia mtu. Mzazi wa namna hii humleta mtoto mgonjwa shuleni kwa sababu shule ndiyo mahali pekee penye mtu mzima wa kumtazama. Wengi wetu tunamlaumu kwa uzembe, na tunamkosea.

Jambo hili si geni, na wala si la waafrika peke yao. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mji wa New York ulikuwa umejaa wahamiaji maskini, watu wa vyumba vya kubanana kama hivi vyetu vya uswahilini. Madaktari wa mji walikuwa wakipita mashuleni, wanawakagua watoto, na kila waliyemwona na ugonjwa wa kuambukiza, hata wa macho au wa ngozi, walimrudisha nyumbani na kikaratasi. Mzazi hakukisoma. Mtoto alizurura mitaani wiki nzima, akicheza na wenzake walewale alioondolewa kwao. Mwezi wa Oktoba 1902 waliajiri muuguzi mmoja kwa majaribio, Lina Rogers, akapewa shule nne. Yeye hakuishia shuleni. Alimfuata mtoto nyumbani, akamwonyesha mama la kufanya, akatibu yale madogo palepale. Septemba 1902 watoto waliorudishwa majumbani walikuwa zaidi ya 10,000. Septemba ya mwaka uliofuata walikuwa kama 1,100. Dawa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na mtu wa kuvuka kizingiti cha mlango wa mgonjwa.

Je, sisi hatuna Lina Rogers? Nadhani tunao, ila hatujawaunganisha na shule. Tunao wahudumu wa afya ya jamii katika mitaa. Tunao mabalozi wa nyumba kumi, wanaojua kila chumba kina nani, na bibi gani yupo nyumbani mchana kutwa. Tunaye bwana afya wa kata, ambaye mwalimu mkuu humwona siku ya kukagua vyoo tu. Mwalimu wa afya akiwa na majina ya watoto walio wagonjwa leo, na simu ya mhudumu mmoja wa mtaa, watoto watano wenye homa wanaweza kujulikana waliko kabla jua halijatua: nani yuko na bibi yake, nani amefungiwa ndani peke yake, nani anapumua haraka haraka. Huyu wa mwisho ndiye tunayemtafuta. Mtoto anayepumua kwa kasi, ambaye mbavu zinadidimia anapovuta pumzi, anayeshindwa kunywa, mwenye midomo inayogeuka rangi au anayelala hata haamshiki, huyo si wa kuachwa nyumbani wala wa kungoja kesho. Apelekwe kituo cha afya au hospitali saa ileile. Na mtoto ambaye kikohozi chake kimepita wiki mbili, tuache kabisa kukiita mafua. Apimwe kifua kikuu.

Nikiwa bado katika mambo ya nyumbani, niwaombe walimu wawaambie wazazi maneno mawili matatu yasiyo na gharama. Mtoto apumzike, anywe maji na uji kwa wingi. Homa ikizidi apewe paracetamol kwa kipimo cha umri au uzito wake. Asipirini asipewe mtoto mwenye homa ya virusi; inaweza kumdhuru vibaya ini na ubongo. Na dawa za kuua bakteria zisinunuliwe kwa kukisia.

Mtoto anayebaki nyumbani hana budi pia asipoteze masomo, la sivyo tutakuwa tumemwadhibu kwa njia nyingine. Jirani yake wa dawati anakili kazi, anampelekea kwa kuipitisha chini ya mlango. Mtihani wa wiki unarudiwa. Haya mwalimu mkuu anaweza kuyaamuru kwa sauti yake mstarini, bila kungoja waraka kutoka Dodoma.

Sasa nizungumze juu ya maji, maana hapa ndipo mipango yetu mizuri huzama.

Tunawaambia watoto wanawe mikono kwa sabuni. Ni shauri sahihi. Kirusi cha influenza kimefunikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyovunja mafuta ya sahani. Kunawa kwa kufaa huchukua sekunde 20. Basi chukueni darasa moja la watoto 120 na bomba moja. Sekunde 20 mara 120 ni sekunde 2,400, yaani dakika 40 kamili. Dakika 40 ni kipindi kizima cha Hisabati. Hilo ni darasa moja tu, mara moja tu kwa siku. Ndiyo kusema mwalimu anayewapeleka watoto wake moja kwa moja darasani bila kunawa hafanyi hivyo kwa ujinga. Amepiga hesabu, ingawa hakuiandika. Lakini fundi akichukua bomba la plastiki, akalitoboa matundu sita na kulilaza juu ya mfereji wa saruji, darasa lilelile litanawa kwa dakika saba pungufu. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichoning'inizwa na kuinamishwa kwa kamba ya mguuni, kinagharimu kidumu na kamba. Mtoto hagusi koki, wala maji hayamwagiki ovyo. Tunacho kiwanda cha vidumu katika kila jiko la mtaa wetu.

Maji yenyewe yatoke wapi? Upande wa Mbagala shule nyingi hutegemea visima, na baadhi vina maji ya chumvi. Yanafaa kunawia hata kama hayafai kunywa. Zilizofikiwa na bomba zina ankara ya kulipa kila mwezi. Na hapa naomba ndugu zetu wa halmashauri wasinikasirikie. Ruzuku ya uendeshaji ilipigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima, na sehemu yake ni ya vitabu. Kutoka katika kilichobaki zinunuliwe chaki, ilipwe mitihani, zifanyiwe ukarabati kuta, na ilipwe maji. Mwalimu mkuu akichelewa kulipa, koki hukatwa, na shule yenye watoto maelfu hubaki kavu kwa deni ambalo pengine halifikii posho ya semina moja. Hatuwezi kuendelea kuandika "unawaji mikono" katika taarifa za robo mwaka huku hatujui ni mabomba mangapi ya shule zetu yanatoa maji siku ya leo. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri hutungwa kila mwaka. Afisa elimu na mganga mkuu wa wilaya wakiketi meza moja siku unapotungwa, maji na sabuni ya shule vitapata mstari wake humo. Wasipoketi pamoja, kila mmoja atadhani ni kazi ya mwenzake, kama ilivyokuwa miaka mingi.

Kuna mtu atasema tuliwahi kujaribu. Ni kweli, na tuliweza. Machi 16, 2020 lilitangazwa tukio la kwanza la korona nchini, na kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule. Watoto wote waliporudi Juni 29 mwaka ule walikuta ndoo za maji tiririka kwenye milango, sabuni, na walimu wamesimama kuwasimamia. Fedha hazikuwa zimeongezeka kwa miujiza. Wazazi walichanga ndoo, mafundi walitengeneza vyuma. Leo katika shule nyingi chuma kipo, ndoo haipo. Tulinawa kwa sababu ya hofu, na hofu ilipopungua tukairudisha ndoo jikoni.

Wazee wetu wa miaka ya sabini walikuwa na mbinu nyingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakisikiliza, wakijadili, halafu wanatoka nje na majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 2024 jina hilo limefufuliwa na Wizara ya Afya, na mimi nimefurahi. Lakini tusikumbuke jina tu. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kwamba kikundi hakikumaliza mkutano mpaka kimeamua nani afanye nini wiki hiyo.

Najua pia kwamba walimu humu wamekwisha kusema moyoni: mzigo mwingine. Mwalimu ni mwalimu, ni mlezi, ni karani wa takwimu, sasa awe na muuguzi. Nakubali, na ndiyo sababu sikuomba mwalimu apime homa wala agawe dawa. Zahanati ijue njia ya shuleni. Na njia hiyo inaijua: chanjo ya kinga ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, wauguzi waliwafuata wasichana mashuleni, dawa za minyoo na kichocho zimekuwa zikitolewa mashuleni miaka na miaka. Tukiweza kufika kwa siku moja ya chanjo, tunaweza kufika Ijumaa moja kwa mwezi bila chanjo, kuwaona watoto wenye pumu na sikoseli, na kumwachia mwalimu wa afya orodha ya majina yao, ili siku homa ikiingia darasani wao waangaliwe kwanza. Orodha hiyo ni siri ya mtoto na mzazi wake. Ikae katika droo ya mwalimu wa afya, isibandikwe ukutani.

Na neno moja kwa walimu wenyewe. Mwalimu mwenye homa anayejikokota darasani ili asionekane mvivu, anakohoa mbele ya watoto 120 kwa vipindi sita. Mwalimu mkuu asimhesabie hayo kuwa ni moyo wa kazi. Agawe vipindi vyake, amrudishe nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kwamba wamo humu waganga wafawidhi wa zahanati tatu, na walimu wa afya wa shule zilizo jirani nazo, na kwamba baadhi yao hawajapata kuonana ana kwa ana ingawa wametenganishwa na uwanja wa mpira tu. Ningeomba kabla ya chai waketi mstari mmoja na wapeane namba za simu. Maswali yenu nitayapokea wakati wao wakiandika.